Kanda Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi dukani bila vipimo. Hata futi nimeiacha kule kule — potelea mbali! Naandika kwa hasira. Sijui kama kesho nitaweza kuusoma mwandiko huu.

Wiki iliyopita Kaka aliniambia kanitafutia kazi. Mapazia sita na foronya kumi na mbili za mito, kwa ajili ya mgahawa mpya, mtaa wa nyuma ya benki. Nikafurahi. Nikambariki hata! Leo saa nne nikaenda kupima madirisha. Mwenye mgahawa ni kijana wa miaka thelathini hivi, ndevu zinang'aa mafuta, na kila anachokuonyesha anasema "cha zamani" utadhani kakivumbua yeye. Simu ya kuzungusha — ya zamani. Televisheni ya kisogo kirefu, ndani kapanda maua — ya zamani. Palepale nikampa jina: Bwana Zamani. Nikawa nacheka kimoyomoyo.

Nikageuka nipime dirisha la tatu.

Ukuta mzima, kutoka sakafuni mpaka darini, kanda za kaseti. Zimegandishwa kwa gundi, safu kwa safu, kama vigae vya bafuni. Nikasogea. Wino wa kijani. Herufi zimelala upande wa kushoto, namba ndani ya duara. "6 — Za Kucheza." "9 — Za Huzuni, Usiguse!" Mwandiko wa Dada. Dada yangu aliyelala kaburini miaka thelathini na saba, mwandiko wake uko juu ya mashine ya kahawa!

Nikamwuliza amezitoa wapi. Akajibu kwa furaha kabisa — kaka yako kanipa, boksi zima, mzee mkarimu sana yule, kwani hakukuambia? Ndiyo maana akaniomba na wewe nikupe hii kazi.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni asante. Asante ya kanda zetu.

Nikatoka bila kuaga. Nyuma namsikia ananiita, mama, mama, futi yako!

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia Kaka kabla hata sijafungua duka. Akaanza na lile lake la "tulia kwanza". Mtu akiniambia nitulie ndiyo kwanza ananiwasha. Eti zilikuwa zinaozea tu chini ya ngazi kwake. Eti panya. Eti hata redio ya kuzichezea hatuna. Nikamwambia na wewe unaoza, mbona hatujakugandisha ukutani? Akakata simu.

Na akate! Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, anagawa vitu vya marehemu bila kuuliza mtu. Anajua vizuri kwamba tangu Januari naitafuta namba kumi na nne, yenye sauti ya mwisho ya Dada, ile anayoililia Mama. Nimemwuliza mara ngapi? Mara ya kwanza akasema atalitazama boksi. Mara ya pili akasema funguo ya stoo imepotea. Mara ya tatu akasema ana mafua. Mafua!

Nimekata kitambaa cha mteja vibaya leo. Nimekaa chini, nimeacha cherehani, maana kichwani kwangu kulikuwa na chumba chetu tu. Vitanda viwili, dirisha moja, na ukuta uliojaa wanamuziki tuliowakata magazetini, tumewabandika kwa gundi ya unga mpaka mende wakawala masikio. Kaka alikuwa na kibarua cha kwanza, akanunua redio kaseti kubwa, ya mlango mmoja, yenye mshale unaorukaruka sauti ikipanda. Ilikuwa yake kwa jina tu. Mwenyewe alikuwa Dada. Betri zikichoka tulizianika juani kwenye bati, zikapata uhai wa nusu saa. Redio ikiitafuna kanda, mimi ndiye nilikuwa naitoa utumbo taratibu, naurudisha kwa kuzungusha kalamu, ulimi nje.

Televisheni tuliiona kwa jirani, kupitia dirishani, tumesimama juu ya tofali. Picha ikifika penyewe, mama mwenye nyumba anavuta pazia. Vwaa! Labda ndiyo maana nashona mapazia. Niwafungie na mimi watu.

Siku hizo watu walikuwa wanatuma kadi za salamu redioni. Mtangazaji anazisoma: salamu zimfikie fulani, zimfikie na fulani, ujumbe wake ni huu. Kadi zenyewe zilikuwa za kununua, Dada hana. Basi akaanzisha redio yake. "Redio Chumbani." Yeye mtangazaji, kwa sauti ile ya puani, miaka kumi na tisa lakini ukimsikia unamwamkia. Mimi nilikuwa na kumi na miwili. Mimi fundi mitambo. Nabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nauangalia mshale, naonyesha kidole gumba. Na kabla ya kuanza lazima aulize: "Fundi mitambo, uko tayari?" Ole wako ucheke.

Kipindi kikiwa kizuri alikuwa anavunja kile kijino cha plastiki juu ya kanda, asije mtu akarekodi juu yake. Kijino kikivunjika, kitufe cha kurekodi hakishuki tena. Lakini mimi nilikuwa mjanja! Unakunja karatasi, unashindilia kwenye lile tundu, kanda inakubali tena kama mpya. Mtaa mzima walikuja kujifunza kwangu.

Na Jumamosi saa nane mchana, nyimbo kumi za wiki. Tulikuwa tunalala chini kabisa, sikio kwenye spika, tunapiga kelele namba zikishuka. Dada alikuwa na wimbo wake, ule unaoanza na tarumbeta peke yake. Wiki tano uko namba mbili. Wiki ya sita ukawa namba moja — na Dada yuko hospitali. Nikaurekodi ili akirudi akute. Hakurudi. Mpaka leo sijui niliuweka kwenye kanda gani.

Ndivyo vitu alivyovigawa huyu bwana. Kwa ajili ya kahawa.

Jumatano, 6 Machi

Kwa Mama mchana. Macho yamekwisha kabisa sasa, anajua mtu kwa hatua tu. Kabla sijaketi: "Umekuja naye?"

Si "umekuja nayo". Naye.

Nikasema bado, Mama, naitafuta. Akasema sawa mwanangu, usihangaike. Kisha akanisimulia tena, kama hajawahi kunisimulia. Siku ile Dada alirekodi kipindi chake cha mwisho, akamwita jikoni — Mama, njoo usikilize, nimekutumia salamu. Mama alikuwa na moto, maji na hasira zake. Akamfokea. Zima makelele yako, nitasikiliza kesho. Kesho yake homa. Wiki ya pili tukazika. Redio ikafungiwa kabatini na hakuna aliyethubutu kuigusa mpaka ikafa yenyewe.

"Sijui aliniambia nini," anasema. "Nina miaka themanini na mmoja na sijui mwanangu aliniambia nini."

Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyebonyeza! Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki hata neno. Nilikuwa nauangalia mshale.

Kaka, nikikushika!

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi kwa Bwana Zamani na bisibisi mkobani. Nimefika nimevaa tabasamu. Nikamwambia nilizidiwa na kizunguzungu juzi, nimekuja kumalizia vipimo. Akaniletea kahawa yenye povu, juu yake kachora jani. Sikuinywa.

Nikapanda kiti, najifanya napima. Namba moja, mbili, tatu… hakuzipanga kwa namba, mjinga yule, kazipanga kwa rangi! Nimesoma ukuta mzima kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Wasichana wawili wamekuja kupiga selfi pembeni yangu. Mmoja akaniuliza kwa adabu zote — samahani mama, hivi vilikuwa vya nini? Nikamwambia vilikuwa vya kuweka watu. Akasema waoo. Akapiga picha.

Kumi na mbili ipo. Kumi na tatu ipo, karibu na swichi. Kumi na tano ipo. Kumi na nne — hakuna!

Halafu nikainua macho. Taa ya katikati. Ile taa nilidhani ni nyuzi za kahawia zinaning'inia, zinametameta upepo wa feni ukipita. Nyuzi! Ni utepe. Ni utumbo wa kanda! Kazichomoa, kazikata urefu sawasawa, kazifunga kwenye pete ya chuma.

Sikumbuki vizuri nilichosema. Nakumbuka kijana wa kahawa aliacha kumimina. Nakumbuka Bwana Zamani ananiambia mama shuka kwanza, utaanguka, na mimi namwambia nikianguka nigandishe ukutani, gundi si unayo? Nikamwuliza kama kuna aliyeongea alipokuwa anachomoa. Nikamwambia humo ndani kulikuwa na mtu anaongea, uliwahi hata kumsikiliza? Akasema kwa sauti ndogo, sina mashine ya kuzichezea. Nilidhani ni nyimbo tu.

Uso ulimshuka. Akaenda mwenyewe akaleta ngazi, akaleta na boksi tupu kuonyesha. Akaapa. Kachomoa kanda nne tu, zilizokuwa zimepasuka, na maganda yake anayo — akanionyesha, tatu, nane, kumi na saba, ishirini. Kumi na nne hakuiona kabisa. Hata yeye alidhani marehemu alikosea kuhesabu.

Dada hakosei kuhesabu.

Tumekubaliana. Namshonea mapazia yote bila kudai chochote, yeye anazibandua zote na kunirudishia. Roho haikutulia, lakini sikuwa na cha kumpiga nacho.

Sasa, kama haikuwemo ndani ya boksi, nani aliitoa?

Ijumaa, 8 Machi

Nimejichoma sindano mara tatu. Nashona pazia la mtu niliyetaka kumzaba kofi. Kaka hapokei simu.

Jumamosi, 9 Machi

Ninayo! Ninayo, iko hapa mezani, mbele yangu, kando ya mkasi!

Nimekwenda kwa Kaka saa tatu asubuhi. Hayupo, kaenda kupeleka gari kwa fundi. Wifi yuko uani anaanika nguo. Wifi ni mtu asiyejua kuficha kitu, Mungu amzidishie. Nikamsaidia kuanika, tukaongea hili na lile, kisha nikamtupia kama sina habari: hivi ile kanda ya marehemu, mumeo huyu kaiweka wapi? Akasema bila kufikiri — ile ya kwenye droo ya soksi? Halafu akajishika mdomo.

Droo ya soksi!

Nikaingia chumbani kwa watu. Ndiyo, niliingia, na ningeingia hata angekuwa amelala humo. Iko nyuma kabisa, chini ya vyeti vyake. Imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, ukazungushiwa plasta ya kidonda mpaka umekuwa donge. Kwa juu unaona kijani. 14.

Wifi akawa ananifuata hadi getini. Ananisihi — wifi yangu, mngojee kwanza, aliniambia nisikuonyeshe kamwe, ana sababu yake. Nikamwuliza sababu gani. Hajui. Miaka yote ya ndoa yao hajui.

Mimi najua. Ubinafsi! Alitaka kubaki na Dada peke yake. Sisi tukalie hewa, Mama afe na kiu yake, yeye ana Dada kwenye soksi. Ananidanganya mafua!

Nimepita kwa fundi redio wa sokoni. Mzee yule ana redio kaseti moja inayofanya kazi, anaitunza kama jino la dhahabu. Kaniazima mpaka kesho jioni, kanisafishia na kichwa chake cha kusomea kanda, kwa pamba na spiriti. Kaniambia ikianza kuvuta utepe, zima haraka, usiwe na tamaa.

Kaka kapiga simu mara kumi na moja. Sipokei. Ameandika ujumbe: "Fundi, usiicheze. Nakuomba. Tuongee kwanza." Ananiita Fundi! Jina hilo hakuna aliyeniita tangu utotoni. Anajua pa kunishika. Hanishiki.

Mfuko sijaufungua. Nitaufungua kesho mbele ya Mama.

Jumapili, 10 Machi

Naandikia jikoni kwa Mama, daftari liko juu ya friji, nimesimama. Wako sebuleni. Nimesema nakuja kuchemsha chai. Sijawasha hata jiko.

Lazima niandike ilivyokuwa, la sivyo nitapasuka.

Nilifika saa tano. Mama kaoga, kavaa gauni lake la kutokea na hereni. Hereni! Kamwomba jirani amfungie. Kakaa kwenye kiti cha karibu na soketi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikaweka redio mezani. Akaipapasa yote, vitufe, spika, mpini. Akasema ile yetu ilikuwa nzito zaidi.

Kaka akaingia akihema. Hata salamu hakutoa. Akanishika mkono, akanivuta jikoni, akafunga mlango.

Nikamwachia yote. Yote ya wiki nzima! Mwizi wewe, mnafiki, umemlaza dada yetu kwenye soksi miaka thelathini na saba, mama yako anakuomba na wewe unaleta mafua. Akachukua donge pale mkononi kwangu, akaanza kubandua plasta kwa kucha, polepole. Akaitoa kanda. Akaigeuza. Akaninyooshea, akasema tazama mwenyewe.

Juu, upande B, kwenye tundu la kijino, kuna karatasi. Imekunjwa mara nne, imeshindiliwa vizuri. Karatasi ya miraba midogo, ya daftari la hesabu. Kwenye ukingo kuna nusu ya tiki nyekundu ya mwalimu, na chini yake saba iliyokatwa kistari katikati. Darasa letu zima ni mimi tu niliyekuwa nakata saba hivyo.

Tarumbeta peke yake. Namba moja. Ili akirudi akute.

Nikasema hapana. Nikasema si hii, mimi nilichukua kanda ya chini kabisa, nilidhani ni kuukuu isiyo na kazi tena, karatasi yake ilikuwa haijaandikwa bado. Kaka akasema ndiyo, aliiandika baadaye, kitandani hospitali, akaipa kumi na nne, namba aliyokuwa ameiacha wazi; yeye ndiye aliyempelekea kanda na kalamu. Hakujua kama imeguswa.

Aliisikiliza wiki moja baada ya mazishi, peke yake, ndipo akakifungia kila kitu kabatini. Nikamwuliza kuna nini humo. Akatazama sakafu. Dada yumo, akasema. Yumo kama dakika ishirini. Anacheka, anatangaza, anakusema wewe unavyotoa ulimi. Halafu anasema, "Na salamu za mwisho leo zimwendee mama yangu mpenzi, aliyeko jikoni, ujumbe wangu kwake ni—"

Halafu tarumbeta.

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Ningekwambia nini?" Alidhani boksi likiondoka nitaacha kutafuta. Alidhani Mama atasahau. Anasema hayo macho mekundu, mtu na mvi zake, na mimi badala ya kumwonea huruma nilitaka kumrushia birika. Bado nataka! Nani alimtuma anifiche? Nani alimwambia anibebee? Wiki nzima nimemtukana Bwana Zamani, nimemtukana yeye, nimemtisha hadi mtoto wa watu anayemimina kahawa. Kumbe mkono wenyewe ni huu, huu unaoshika kalamu. Hasira yote imerudi nyumbani na haina pa kukaa.

Karudi sebuleni kukaa na Mama. Kaniachia kanda. Kasema uamuzi ni wangu, mimi ndiye fundi.

Ujumbe wangu kwake ni. Ni nini? Nilikuwepo! Nilikuwa nimechuchumaa hapo hapo, magoti yangu yanagusa ya kwake. Dada alikuwa amevaa blauzi ya njano. Kucha zake. Kikombe cha maji chini ya kitanda. Mshale ulipanda mpaka kwenye nyekundu, nakumbuka, nikamwashiria apunguze sauti. Kwa hiyo alisema kwa nguvu. Alitaka jikoni kusikike. Alisema nini?

Nimeichomoa ile karatasi. Iko hapa juu ya friji, inajikunjua yenyewe taratibu.

Kaka anakohoa. Kiti cha Mama kimelia, kajisogeza karibu na spika. Sasa anaita. Haniiti jina langu. Anaita kwa sauti ya puani, ileile, sijui kaitoa wapi, kumbe siku zote alikuwa anatusikia akiwa hapa hapa jikoni —

"Fundi mitambo, uko tayari?"